Koki Kuu Iko Upande wa Pili

Mpiga pasi alikuwa kwenye kola, na kola haitaki mtu mwenye mawazo mawili, ndiyo maana hakuyasikia matone ya mwanzo. Alichosikia ni sauti ya mama yake kutoka chumba cha ndani.

"Nje mvua inanyesha?"

"Hapana, mama. Jua linachoma."

"Basi huku kwangu inanyesha."

Akaisimamisha pasi, akaenda. Juu ya kitanda, ubao wa dari ambao asubuhi ulikuwa umenyooka ulikuwa umelegea katikati kama chandarua kilichobebeshwa mchanga. Doa la maji lilikuwa limeenea mpaka karibu na taa. Tone moja likajaa pembeni, likaning'inia, likaanguka kwenye shuka karibu na goti la mama.

Mama hakuweza kusogea. Nyonga yake ilivunjika mwaka uliopita, ikafungwa, ikagoma kuunga. Tangu hapo dunia yake ilikuwa kitanda kile cha mbao ngumu, ambacho marehemu baba alikiunda humo humo chumbani, kipana kuliko mlango.

"Usinitazame mimi," mama alisema. "Mimi si fundi. Mpigie fundi."

Fundi wa bomba walimwita Nafika, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia wateja wote, hata akiwa bado amejifunika blanketi.

"Dada, nafika," alisema kabla hajaulizwa.

"Fundi, leo usinifanyie hivyo, nakuomba. Dari inataka kumwangukia mama."

Aliposema tena, ilikuwa kama sauti ya mtu mwingine.

"Niko mbali, nisikudanganye. Sasa sikiliza. Zima umeme kwenye swichi kuu, na mikono iwe mikavu. Halafu funga koki kuu, maji yasiendelee kuingia. Mgonjwa mtoe chini ya hiyo dari. Kama hatoki, toboa tundu dogo pembeni, mbali naye, maji yashuke kidogo kidogo. Ukiuacha ubao ujae, utashuka wote kwa mkupuo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Lakini koki kuu iko upande wa pili."

"Basi si uende huo upande wa pili?" alisema Nafika, mtu asiyejua anasema nini.

Upande wa pili ulikuwa nyuma ya ukuta, na ukuta ulikuwa kazi ya mama. Mtaani walimwita Hakimu. Enzi zake hapakuwa na ugomvi wa mume na mke, wa mpaka, wala wa kuku, uliokwisha bila yeye kutoa neno la mwisho. Hukumu yake kubwa kuliko zote aliitoa nyumbani kwake. Baba alipofariki, wanawe wawili walianza kugombea vyumba, na mke wa mwanawe akathubutu kumwambia mbele ya watu, "Mama mkwe anahukumu kila mtu, lakini yeye hajawahi kushtakiwa." Kesho yake Hakimu akaagiza matofali. Ukuta ukapita katikati ya ukumbi, kila upande ukapata mlango wake wa barabarani. Yeye akabaki kwa binti. Kijana wake alikuja kumsalimia siku za mapumziko, akakaa kwenye ukingo wa kiti na kuondoka. Mkewe alikatazwa kukanyaga.

Siku ya kujenga ukuta hakuna aliyefikiria mabomba. Bomba la kutoka barabarani liliingilia jikoni kwa kaka, likapanda darini, likavuka ukuta bila kuuliza ni wa nani.

Mpiga pasi alijifuta mikono kwenye gauni, akashusha swichi kuu. Chumba kikawa na giza la mchana. Akaegemeza bega kwenye kitanda, akasukuma mpaka akaona nyota. Kitanda hakikutikisika. Akapitisha mikono chini ya makwapa ya mama ili amwinue, na mama akatoa ukelele uliomfanya amwachie mara moja.

"Unaniua!"

"Nisamehe, mama. Nisamehe."

Akachukua mwavuli, akapanda kwenye kigoda, akatoboa ubao kwa ncha yake upande wa miguuni. Maji yakatoka yakiwa na rangi ya kutu, yakaanguka kwa kelele kwenye ndoo aliyoitega chini. Alisubiri aone ubao unapanda. Haukupanda. Yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko yaliyotoka, na katikati, juu ya kifua cha mama, tumbo la dari lilizidi kushuka.

"Naenda kwa wifi," alisema.

"Thubutu!" Mama aliinua kidole, kitu pekee alichoweza kukiinua kwa haraka. "Kwa yule mwanamke huendi. Afadhali nilowe."

"Si kulowa tu, mama. Ubao utakuangukia."

"Na uniangukie. Nimeangukiwa na mengi."

Mpiga pasi akafika mlangoni, akageuka. Hapo akasimama.

Wazo liliingia bila kubisha hodi. Ukianguka, umeanguka. Fundi alichelewa, mama mwenyewe alikataa. Nani atauliza? Hatakuwepo tena mtu wa kugeuzwa alfajiri, wa kuoshwa, wa kumwita hata akiwa amechuchumaa chooni. Atalala usiku mzima kama watu. Hakulitafuta wazo lile, na hakulifukuza. Alilitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Ubao ukalia, kirr.

"Mungu wangu, niondolee," alisema, akatoka mbio bila viatu.

Wifi yake alifungua mlango kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa amefunga kanga kiunoni na mikono ina povu la sabuni.

"Haa! Leo jua limetokea wapi? Wifi yangu mlangoni kwangu, tena pekupeku!"

"Wifi, bomba limepasuka juu ya mama. Koki iko jikoni kwako."

Uso wa wifi ukabadilika, ila ulimi ulikuwa bado na deni lake. "Nimesikia ndoo, nikasikia na ukelele. Nikasema, nikienda nitaulizwa nimefuata nini."

"Wifi, tafadhali."

"Ingia, ingia. Huku hakuna anayekatazwa kukanyaga."

Jikoni sakafu iling'aa. Vigae vilikuwa vipya, vyeupe, vyenye maua madogo ya kijivu kwenye pembe, na mlangoni palikuwa na ndara za kuvalia ndani. Wifi aliangalia kona ya chini ya sinki.

"Iko hapo, chini ya vigae. Kaka yako alitaka kiachwe kifuniko. Mimi ndiye niliyekataa, nikasema kitaharibu sura." Akameza mate. "Haya. Wewe rudi kwa mama mkwe. Niache mimi na sura yangu."

Akauchukua mchi wa chuma uliokuwa nyuma ya mlango, akaunyanyua kwa mikono miwili.

Mpiga pasi hakungoja kuona. Aliposhika kitasa cha chumba cha mama, pigo la kwanza lilikuwa limepita ukutani, zito, na baada yake sauti ya kigae kinachopasuka.

"Anabomoa nini yule?" mama aliuliza.

"Sakafu yake. Shika shingo yangu."

"Utanivunja."

"Umeshavunjika, mama. Shika."

Aliikunja shuka pande zote mbili kumzunguka, akaikusanya kwenye ngumi, akaweka mguu mmoja kwenye ubavu wa kitanda. Akavuta. Mama alikuja pamoja na shuka, akafika ukingoni, akateleza, na wote wawili wakaanguka sakafuni, binti chini na mama juu yake. Ukelele wa safari hii haukuwa na maneno. Upande wa pili mchi ulikuwa ukipiga, ukinyamaza, ukipiga. Binti akajitoa, akashika tena ncha za shuka, akarudi kinyumenyume kwenye maji, akisema kila hatua, "Bwana nisaidie, Bwana nisaidie," na mama akilaani kila hatua kwa jina la mtu tofauti.

Mapigo yakakoma. Ukasikika mlio wa chuma kikisaga chuma, kisha wifi akapiga kelele kutoka nyuma ya ukuta, "Imefunga! Nimefunga!"

Koki ilikuwa imefungwa, lakini maji yaliyokuwa darini hayakuambiwa. Kichwa cha mama kilikuwa kimeshavuka kizingiti ubao ulipoachia. Ulishuka wote kwa mkupuo, kama Nafika alivyosema, ukajipiga kwenye mto, misumari ikitazama chini. Maji yakawafuata mpaka ukumbini na kuwalowesha hadi kiunoni.

Mama alikuwa akiutazama mto wake.

Wifi alikuja na vumbi la saruji kwenye nyusi. Hakuomba ruhusa. Alishika upande wa miguu, mpiga pasi akashika wa kichwa, wakambeba Hakimu ndani ya shuka kama mzigo wa sokoni, wakatoka naye barabarani, majirani wakiwa wamefunga midomo kwa viganja. Wakamlaza kwenye kitanda cha wifi. Wifi akamvua nguo, akamkausha, akamvika gauni lake mwenyewe. Alifanya hivyo polepole, kama mtu aliyekuwa akijizoeza moyoni kwa siku nyingi.

Nafika alifika mama ameshakaushwa na kulazwa. Alichungulia dari, akachungulia shimo la jikoni, akapiga mluzi.

"Nani kavunja hivi?"

"Mimi," wifi alisema. "Una neno?"

"Sina, mama. Ningekuwa na fundi msaidizi kama wewe, ningekuwa nafika mapema."

Wifi akacheka. Mpiga pasi naye akajaribu kucheka. Kisha akaenda kupiga magoti kando ya kitanda, akamshika mama mkono. Ulikuwa baridi.

"Mama, fundi atapiga ubao mwingine. Nitakausha chumba, nitakutafutia godoro. Baada ya siku chache utarudi kwako."

"Nitabaki hapa," mama alisema.

"Hapa? Kwa wifi?"

"Kama mwenyewe ananiweka."

Wifi, aliyekuwa akikamua tambara, alisema bila kugeuka, "Nakuweka, mama."

"Mama, nimekukosea nini?"

Hakimu akamtazama. Alipozungumza hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha binti yake.

"Ulisimama. Pale mlangoni. Uliiangalia dari, ukaniangalia mimi, ukaiangalia tena dari. Nimesikiliza kesi za watu maisha yangu yote, mwanangu. Macho yanayopiga hesabu nayajua."

Mpiga pasi alifungua mdomo. Angeweza kusema alikuwa akivuta pumzi. Angeweza kusema alikuwa anaomba. Wifi alikuwa ameacha kukamua.

"Ni kweli, mama," alisema.

"Najua ni kweli. Na sikulaumu. Umeniosha kinyesi mwaka mzima. Ningekuwa wewe, ningesimama zaidi." Akautoa mkono wake taratibu. "Lakini siwezi kulala tena chini ya macho hayo. Nenda, ukapumzike."

Alirudi upande wake. Akafagia maji kuelekea barabarani, akakusanya vipande vya ubao, akayatenga mashati ya watu yaliyoingiwa na kutu. Alitaka kusali. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji na maneno hayakuja, ila lile lile la kwanza, niondolee, na sasa hakujua aondolewe nini, kwa kuwa alichokitamani alikuwa amepewa. Nyumba ilikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa akimwita.

Jioni alikusanya dawa kwenye kikapu, akaenda akabisha hodi. Wifi akafungua, akamsogezea ndara za ndani bila kufikiri ingawa sakafu ya jikoni ilikuwa shimo.

"Hizi nyeupe asubuhi baada ya kula," mpiga pasi alianza. "Hii ya maji ni ya maumivu, kijiko kimoja, usiku. Anaitema ukimpa ikiwa baridi."

"Si uingie basi, wifi? Unielekeze ukiwa barabarani, sisi ni wageni?"

Kutoka ndani sauti ya mama ikaja, dhaifu lakini iliyonyooka. "Mwelekeze hapo hapo mlangoni."

Wifi akainamisha macho. Mpiga pasi akakihamisha kikapu mkono wa pili.

"Kumgeuza, anza na bega, usianze na nyonga," aliendelea. "Alfajiri atakuita. Usimcheleweshe, anaogopa giza ingawa hatakwambia. Na ukimwosha mgongo, mwimbie. Wimbo wowote. Halalamiki akiimbiwa."