Besi ya Mkono wa Kushoto

Mshale wa kipimo ulikataa kuamka. Mama fundi alizibana upya zile nyaya mbili nyembamba, akapuliza vumbi, akasubiri, akagonga kioo cha kipimo kwa ukucha. Mshale ulilala pale pale, kama mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko.

"Kaka," alisema bila kuinua macho, "hii pikapu imekufa."

Kishindo alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kuelewa baadaye, tabia iliyompatia marafiki wengi na mke mmoja mwenye hasira.

"Imekufa wapi, dada? Jumamosi nimepigia harusi. Bibi harusi alicheza mpaka akavua viatu."

"Jumamosi ya mwaka gani?"

"Hii iliyopita! Juzi tu."

Mama fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni, akaivaa tena. Alimtazama Kishindo jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa anayedai amekuja kwa miguu, na kumbe mguu hana.

"Sogea hapa uone."

Pikapu yenyewe si ile gari ya kubebea mchanga. Ni kidude cheusi kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa, ndani yake sumaku, na kuizunguka sumaku waya mwembamba kama unywele, mizunguko isiyo na idadi. Uzi ukitikisika, kidude kinasikia, kinapeleka habari kwenye spika. Kisiposikia, utapiga mpaka kucha zikatike na habari hazitafika. Na kwenye hiki cha Kishindo, pale waya unapotokea, palikuwa na kutu ya kijani iliyovimba kama ukungu kwenye mkate uliosahauliwa. Waya ulikuwa umekatika. Ncha zake mbili zilitazamana kwa mbali kama ndugu waliogombania shamba.

"Kutu hii si ya juzi," alisema mama fundi. "Ina miezi. Marehemu ameshaoza, wewe unaniambia juzi alikuwa harusini."

Ili kumaliza ubishi, alilichomeka gitaa kwenye spika yake ndogo, akaifungulia sauti hadi mwisho.

"Haya, piga."

Kishindo alipiga. Nyuzi zilitoa mlio mkavu, mdogo, mlio wa mtu anayejikuna mgongo. Spika ilikaa kimya. Mama fundi akaigonga pikapu kwa bisibisi; ingekuwa hai, spika ingeruka. Kimya. Nje, muuza ndala alikuwa anagombana na mteja, na Kishindo alisikia kila neno.

Hakucheka tena.

Na alikuwa amekuja kwa furaha, masikini! Asubuhi nzima alikuwa amesimama mbele ya kabati la kioo la duka akichagua pikapu mpya kama mtu anayechagua mchumba: hii ya koili moja, yaani bunda moja la waya, ina sauti kali lakini inanung'unika peke yake, hii ya koili mbili imetulia lakini sura yake, mh. Hakuja kwa sababu gitaa lilikuwa bovu. Alikuja kwa sababu halikuwahi kulia vizuri namna ile, akaona linastahili zawadi.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya. Siku za kazi Kishindo alikuwa mfua bati, mtengenezaji wa ndoo na mifereji ya paa, na miaka ya nyundo ilikuwa imemnenepesha vidole na kuvitia uzito. Jumamosi alipiga besi katika bendi ndogo ya harusi: mpiga ngoma, binti yake mwenyewe kwenye kinanda, yeye, na mwimbaji kiongozi aliyeitwa Suti, kwa sababu hata kwenye msiba wa jirani, alfajiri, alifika na tai. Siku moja Suti alimwambia mbele za watu, "Mzee, besi yako inachelewa kama gauni lililoko kwa fundi cherehani. Ikichelewa tena, tutatafuta mtu mwingine."

Kishindo alikwenda nyumbani, akazifungua nyuzi zote, akazichemsha. Wapiga besi wasio na nyuzi za akiba hufanya hivyo, jasho na uchafu vitoke, mlio ung'ae upya. Mkewe alifunua sufuria akitegemea maji ya chai, akakutana na nyoka wa chuma.

"Huyu mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyoliita gitaa, "sasa anaoga kwenye sufuria yangu?"

Lakini dawa ilifanya kazi! Tangu siku ile besi ilipona. Kishindo alikuwa akiisikia kwa masikio yake kutoka kwenye spika kubwa za ukumbi, nene, tamu, imefika kwa wakati wake. Suti alimpa mkono. Mpiga ngoma akaanza kumwita kijana. Naye akawa anatembea kifua mbele, akiwaeleza watu wasiouliza siri ya kuchemsha nyuzi.

"Uliwahi kulimwagia maji?" aliuliza mama fundi.

"Maji? Hata tone. Nilichemsha nyuzi tu."

"Ukazikausha kabla ya kuzirudisha?"

Jumamosi ile alikuwa amechelewa. Alizifunga nyuzi zikiwa bado zinadondosha maji, akalivisha gitaa mfuko wake, akakimbia.

"Basi umeliua mwenyewe," alisema mama fundi. "Siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo ndiyo lilipona, dada!"

Walitazamana juu ya gitaa lililopasuliwa.

"Sasa besi alikuwa anapiga nani?" aliuliza Kishindo, taratibu, kama mtu anayeogopa kujibiwa.

"Hilo usiniulize. Mimi natibu magitaa. Mashetani yana fundi wake."

Kishindo aliketi juu ya boksi la spika bila kuuliza kama linabeba mtu. Alianza kuwapitia watu wa bendi kichwani, na safari yenyewe ilikuwa fupi. Ngoma haiwezi kutoa besi. Suti hawezi kufanya jambo lolote linalomkunja koti. Kinanda cha umeme, kila mtu anajua, kina kila sauti tumboni mwake, hata ya besi.

Akamwona binti yake waziwazi, kana kwamba yuko pale dukani. Mashine ya kurekebisha sauti kando ya goti lake, macho kwenye vidole vya baba. "Baba, simama hapa nikuone." Kila Jumamosi. Na yeye akadhani ni mapenzi! Kabla ya shughuli kuanza Kishindo hupiga noti zake za kujaribia, zile zile tangu ujana, na spika humjibu. Mkono wa kulia wa binti huwa hewani, unatengeneza nywele. Wa kushoto hajawahi kuutazama. Nani hutazama mkono wa kushoto wa mtu?

"Kaka, umebadilika rangi. Nikuletee maji?"

"Maji tena?" alisema Kishindo, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Alimkuta binti sebuleni akipiga pasi sare yake ya duka la dawa. Binti aliona mikono mitupu ya baba yake, mikono isiyo na gitaa, akaganda.

"Fundi amelifungua?"

"Amelifungua, mama." Tangu azaliwe alimwita mama, kwa kuwa alimchukua bibi yake pua na ukaidi. "Tangu lini?"

"Tangu ulipochemsha nyuzi. Ulivuta uzi wa kwanza, hakikutoka kitu. Suti alikuwa anageuka, Baba. Niliiona shingo yake inaanza kugeuka. Mkono ukaenda wenyewe."

"Na Jumamosi iliyofuata? Ulikwenda wenyewe tena?"

"Iliyofuata ulikuwa umeshamchezesha mama jikoni, mwiko mkononi. Ningekwambia saa ngapi?"

"Lakini ile besi ilikuwa yangu!" Sauti ya Kishindo ilipanda. "Naijua! Kwenye wimbo wa kuwaingiza maharusi, pale kwenye kona ninapojikwaa, palikuwa na kujikwaa. Nilijisikia mwenyewe nikijikwaa!"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Hata makosa yangu umeyaiga?"

"Nisingeyaiga, ungejua si wewe."

Kishindo alimtazama mtoto huyu aliyembeba mabegani akiwa mdogo, akamwona kama mtu anavyoiona nyumba yake imehamia upande wa pili wa barabara. Hakujua hasira aianzie wapi.

"Suti anajua?"

"Hajui. Anafikiri umepona."

"Kwani nilikuwa naumwa?"

Pasi ya binti ilikuwa imelala juu ya kola, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikamjibia.

"Nini kinaungua huko?" mkewe alipiga kelele kutoka jikoni. "Isijekuwa mke mwenzangu!"

Binti aliinyakua pasi.

Kibandani kwake, Kishindo hakuwahi kuuza ndoo bila kuijaza maji kwanza. Wafua bati wengine huinyanyua ndoo juani, wakaangalia kama mwanga unapenya, basi. Yeye aliijaza, akaiweka kwenye saruji kavu, akaendelea na kazi nyingine. Akirudi akakuta saruji imelowa, aliupasua mshono na kuanza upya, mteja alalamike asilalamike. Kesho yake alijaza ndoo moja, akaikodolea macho mpaka mteja akauliza kama inauzwa au inaombewa. Akamkabidhi, akafunga kibanda, akarudi kwa mama fundi.

Mama fundi alikuwa ameshamwandalia vitu mezani.

"Nimekufikiria, kaka. Hizi ni nyuzi bapa, zimesuguliwa zikalainika. Zinafunika. Ukichelewa kidogo, zinameza, mtu anasikia unene tu. Zifunge na pikapu ya koili mbili, hata ukisinzia watu watadhani unatafakari."

"Na hizi?"

"Hizo achana nazo. Hizo zina mikwaruzo, na nikizifunga na ile ya koili moja, ukikohoa ukumbi mzima utajua umekohoa. Mambo ya vijana hayo. Usijitafutie."

Kishindo alipitisha kidole juu ya uzi bapa. Kiliteleza kama kwenye kioo. Akakipitisha juu ya ule mwingine. Ulimkwaruza, ukapiga kelele ndogo hata kabla haujafungwa gitaani. Alirudi kwenye ule bapa. Akarudi tena kwenye ule wa mikwaruzo. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Hizi," alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Funga upesi."

Moshi wa kulehemu ulipaa, miwani ya mama fundi ikaingia ukungu. Kazi ilipokwisha alichomeka gitaa kwenye spika ndogo, na Kishindo akavuta uzi mmoja. Spika iliruka. Yeye aliruka kuizidi. Mama fundi alicheka mpaka akashika meza, lakini Kishindo alikuwa ameshachomoa waya.

"Hupigi hata kidogo?"

"Nitapiga huko huko."

Jumamosi ukumbi ulinuka maua na rangi mbichi ya ukutani. Kishindo alijichomeka mwenyewe kwenye mashine ya sauti, akapandisha kifungo chake mwenyewe, kisha akainama karibu na sikio la binti.

"Leo mkono wa kushoto uweke mapajani."

"Baba, ngoja wiki moja. Ufanye mazoezi kwanza."

"Mapajani, mama."

"Na ukichelewa?"

"Nitakuwa nimechelewa mimi."

Suti, asiyejua lolote, alikaza tai. Mpiga ngoma aligonganisha vijiti. Milango ilifunguka, na maharusi wakasimama kizingitini wakingoja wimbo wa kuwaingiza.

Kishindo aliegemeza gumba juu ya pikapu mpya. Ilikuwa baridi. Akavuta uzi.

Sauti iliyotoka ilimpiga tumboni. Ilikuwa ngumu, yenye mikwaruzo, uchi kabisa, nyuma kidogo ya ngoma, na ilikuwa sauti ya mtu ambaye hakuwa amemsikia kwa miezi. Watu wa meza ya mbele waliinua vichwa. Akavuta tena, na tena. Karibu na ngoma. Karibu zaidi. Mbele yake, juu ya kola nyeupe, shingo ya Suti ilianza kugeuka.

Kona ya wimbo ilikuwa inakuja. Kishindo alitupa jicho kwenye kinanda. Mkono wa kushoto wa binti ulikuwa mapajani kama ulivyoagizwa, lakini vidole havikuwa vimetulia. Vilikuwa vikigonga kitambaa cha gauni bila sauti, kimoja baada ya kingine, vikielekea pale pale ambapo yeye hujikwaa.