Dari ya Gari

Gari lilikuwa limelala uani tangu mwenyewe apigwe na kiharusi, na kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia gundi, kikaning'inia ndani kama chandarua kilichosahauliwa.

Mwenyewe alikuwa chumbani, kitini karibu na dirisha. Mkono ulikuwa umeanza kurudi, mguu nao ukafuata kwa kujivuta. Ulimi ndio uliogoma. Mtaalamu wa mazoezi alisema ulimi hauna kasoro kubwa, moyo ndio uliosusa. Atoke nje, apelekwe kliniki. Lakini dereva aliyezoea kushika usukani wa malori hakutaka kupakiwa kama gunia. Akitajiwa kliniki, hugeukia ukuta. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sare kwa sare za shule alizoshona, alikuwa ameanza kuogopa kwamba hataisikia tena sauti ya mumewe. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Asubuhi hiyo akakata shauri. Gari likipendeza, huenda litamvuta. Na kitambaa ni kitambaa bwana! Aliyevalisha shule nzima atashindwa na dari?

Fundi wa gereji ya jirani alimwelekeza huku ameegemea ua. "Toa vishikio, taa na vile vibao vya kuzuia jua. Legeza mipira ya milango. Halafu laza siti za mbele, utoe ubao wa dari kwa mlango wa nyuma. Usiukunje lakini, mama. Ukivunjika ndiyo basi tena."

Ubao ukatoka salama, mkubwa na mwepesi ajabu. Mama Sare akaulaza juu ya meza ya kukatia, akabandua kitambaa cha zamani, na sponji iliyooza ikamwagika kama unga. Akaisugua kwa brashi mpaka ubao ukatakata. Kisha akapuliza gundi, akakaa kusubiri ishike.

Hapo mawazo yakamchukua. Kitambaa kipya kilikuwa cha buluu, chenye sponji laini mgongoni, na mwanga wa mlangoni ulikipaka rangi ya mahali asipopajua. Akajiona yuko barabarani na mumewe, barabara isiyo na mwisho wala vumbi, vilima vikipita taratibu, naye mume akilalamika kwamba dirisha liko wazi, mara limefungwa, mara redio inapiga kelele. Alikuwa mtu wa kulalamika, yule. Mama Sare akatabasamu peke yake kama mwehu. Alipogusa gundi ilikuwa inanata tayari.

Akatandaza kitambaa kuanzia katikati, akikisukuma kwa kiganja kuelekea pembeni. Mikono ikafanya kazi, yeye bado yuko kwenye vilima. Ilipofika ukingoni, ikakunja pindo kwa ndani, upana wa vidole viwili, kuzunguka ubao wote, kama ilivyokunja kila sare iliyopita mezani pale.

Kurudisha ubao ndiko kulikomtoa jasho. Haukuingia. Akisukuma kulia, kushoto kunatoka. Mipira ya milango ikakataa kuuma. Mwishowe akabaki amejikunja kwenye siti ya nyuma, dari nzima imekaa juu ya kichwa chake, mikono imekufa ganzi, machozi yanamlengalenga. Alijiona mjinga kabisa.

Akasikia mguu unaburutwa. Mumewe alikuwa ametoka, amejishikiza ukutani, kisha kwenye mlango wa gari. Hakuna aliyemwita. Akanyoosha mkono wake mzima, akapapasa ukingo wa kitambaa, akalikuta lile pindo. Akalibonyeza. Mdomo ukahangaika.

"Ga... gari," akasema. "Gari halikui."

Mama Sare akaganda. Kisha akaelewa: pindo ndilo lililonenepesha ukingo, ubao ukakataa kuingia; alikuwa ameliachia gari akiba ya kuteremsha likirefuka, kama mtoto wa darasa la kwanza! Akacheka mpaka ubao ukamteleza kichwani, na katikati ya kicheko akalia, na hakujali nani anamwona.

"Sema tena, baba."

"Ban... dua."

Mumewe akajivuta, akaketi kando yake sitini. Mama Sare akaushusha ubao, akaulaza juu ya magoti yao wawili, akaanza kubandua. Akafika kwenye kona.

"Na hapa?"

"Bandua."

Akahamia upande wa pili, ambako hata mtoto angeliona pindo. "Na hapa je?"

Dereva akamtazama, akavuta pumzi ndefu.

"We mama," akasema, kwa sauti yake ileile ya kuchoshwa na mke, "kwani huoni?"