Gazeti Lenye Ukurasa Mtupu

Léonidas alipoleta gazeti lake saluni kwangu, nilimuuliza kama mashine ilimwishia wino. Kurasa tatu zilijaa maandishi, ya nne ilikuwa nyeupe pe. Akacheka, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, nikajua leo tutasomeshwa.

Huyu Léonidas ni Mrundi, anatengeneza simu kwenye duka lililopakana na saluni yangu, hapa katikati ya Durban. Anasomea uandishi wa habari kwa mtandao, na tangu afike kwenye somo la magazeti ya kwanza ya Amerika hatupumui. Alinieleza kwamba mwaka 1690, mjini Boston, mchapaji mmoja alitoa gazeti la kurasa nne akachapa tatu tu. Ya nne aliiacha tupu makusudi, ili msomaji aandike habari zake kwa mkono kabla ya kumpa mwenzake. Wakubwa wa pale walilifunga baada ya toleo moja, kwa kuwa mchapaji hakuwa na kibali.

"Kwa hiyo umetafuta duniani kote, ukaona uige gazeti lililokufa changa," nikamwambia.

Hakukasirika. Alisema mchapaji yule aliahidi jambo kubwa: habari ikionekana ni ya uongo, ataisahihisha katika toleo linalofuata, na atamtafuta mtu wa kwanza aliyeianzisha amtaje jina. Hapo Léonidas alisimama kabisa, kama yuko mimbarani. Gazeti lake aliliita Jirani, akaligawa bure kwenye masaluni, kanisani, na kwenye yadi za malori kule Clairwood. Mimi niliona ni wazimu, lakini nilipokea nakala chache. Mtu anayesukwa anahitaji kitu cha kushika.

Wiki haikwisha, kila nakala ikawa inasema lake. Ya kwangu ilitangaza unga wa muhogo na chumba cha kupanga. Nyingine ilisema mchungaji anahama, na chini yake mtu akaandika kwamba mchungaji hahami, ila tunatamani. Ukitaka kujua habari za mjini, ilibidi uulize kwanza umesoma Jirani ya nani.

Kisha mteja mmoja akasahau nakala yake chini ya kikaushio cha nywele. Nikaiokota niitupe. Ukurasa wa nne uliandikwa kwa kalamu ya bluu: "Iko kilio kwa Bertrand wa malori. Bamama mukuwe karibu na Mama Lyse."

Bertrand ni mume wangu. Mama Lyse ni mimi.

Chini yake kulikuwa na miandiko mingine, kila mmoja na kalamu yake. Mmoja uliandika kwamba ni ajali, Zambia, karibu na mpaka wa Kasumbalesa. Mwingine ukamwombea marehemu apokewe. Wa tatu ulisema ni uongo, Bertrand ameonekana Musina, mpakani huku Afrika Kusini, akinunua mkate. Nilisoma mara nyingi. Nilikuwa na mume aliyekufa Zambia na anayekula mkate Musina, kwenye karatasi moja.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Hilo halikuwa jipya, maana anaendesha lori la mizigo hadi Lubumbashi na njiani mtandao hukatika, ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Sasa nilikuwa nao. Nikapiga simu ofisini kwao Clairwood. Msichana aliyepokea alisema lori liko salama, linaendelea na safari. Nikamshukuru Mungu. Halafu akaongeza kwamba dereva ni mwingine, Bertrand aliomba ruhusa ya mambo ya familia akashuka.

"Familia gani?" nikamuuliza. "Familia yake ni mimi."

Alisema samahani, yeye anasoma tu kilichoandikwa. Na mimi nilikuwa nimesoma tu kilichoandikwa, wala sikuelewa lolote. Mtu aliyekufa haombi ruhusa. Labda alikuwa na nyumba nyingine Musina, na mwanamke mwingine wa kumkatia mkate. Nilimchukia kwa muda mfupi, kisha nikaogopa kumchukia, isije ikawa ni maiti.

Nikapiga simu kwetu Uvira, Kongo. Mama yangu ndiye hunipa akili nikiishiwa. Kaka yangu akapokea, akasema mama amelala. Nikamwambia amwamshe, jambo lenyewe ni zito. Akasema mtandao mbaya, akakata. Ilikuwa saa saba mchana. Nikamtukana kaka yangu kimoyomoyo, nikafunga saluni.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Point, nilikuta viti vyote vimetolewa kwenye korido. Ndani, godoro letu liko sakafuni, na wanawake wa kanisani wamekaa kulizunguka, wanaimba taratibu. Mireille, kiongozi wao, alinijia na kitambaa cha kufunga kichwani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ndivyo ilivyo kwetu: mwenye msiba haambiwi kwa simu. Wanaambiwa watu wengine kwanza, wajikusanye, ndipo mwenyewe aambiwe akiwa katikati yao, ili akianguka awepo wa kumdaka.

Akanionyesha godoro. Nikakataa.

Sikukataa kwa kiburi. Nikikaa pale, nimekubali kwamba mimi ni mjane, na kama Bertrand yu hai nitakuwa nimemzika kwa makalio yangu. Nisipokaa, na kama kweli amekufa, kaka zake watasema sikumlilia, na asiyelia ndiye aliyeua. Watanichukulia hata mtoto. Nilibaki nimesimama kati ya mlango na godoro, mkoba bado begani, na wanawake wakaimba wakinitazama miguu.

Nikamwita Léonidas. Alipofika na kuusoma ule ukurasa, uso ulimbadilika. Nilimwambia mchapaji wake wa Boston aliahidi kumtafuta mtu wa kwanza, basi naye aende akamtafute.

"Nitamupata, madame," akasema. "Na nitachapa jina lake."

Akaondoka na ile nakala kwapani, akiwa na moto kabisa. Mimi nililala kwenye kiti kimoja nilichokirudisha kwa nguvu. Lyse, binti yangu, alilala na wale wanawake kwenye godoro, na hilo nalo liliniudhi.

Kesho yake mchana Léonidas akarudi. Alikuwa ameurudisha ukurasa nyuma, mkono kwa mkono, kutoka kwa mteja wangu hadi kwa dereva wa teksi, hadi yadi ya Clairwood, kwa Nduwimana, anayefunga turubai kwenye malori. Kalamu ya bluu ilikuwa yake. Hayo alinieleza akiwa mlangoni, akitazama ukuta.

"Kwa hiyo Nduwimana ni mwongo," nikasema.

"Hapana. Alitumwa na Bertrand mwenyewe."

Bertrand kamtuma mtu atangaze kilio cha Bertrand? Nilimuuliza Léonidas kama mume wangu amerukwa na akili. Huyu mtu asiyenyamaza hata akiwa na maji mdomoni alinipita, akaenda kumnong'oneza Mireille jikoni. Waliporudi, nyimbo zikakatika. Wanawake wakaambiana kwa zamu, sikio kwa sikio, na kila aliyeambiwa aligeuka kunitazama. Jana walinitazama kama mke mkaidi. Sasa walinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

Nilikuwa bado nawauliza wana nini, mlango ukafunguliwa. Bertrand akaingia na begi lake la safarini.

Nilimrukia. Nilimpiga kifuani kwa ngumi mbili, nikamkumbatia, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Alinuka vumbi na basi. Nikawageukia wale wanawake niwaambie waondoe godoro lao. Hakuna aliyecheka nami. Bertrand mwenyewe hakucheka.

"Mbona ulizima simu?" nikamuuliza.

"Ungesikia sauti yangu ungejua."

"Ningejua nini? Karatasi inasema umekufa Zambia. Ofisi inasema una familia nyingine."

"Nilimwambia Nduwimana aambie bamama bakuwe karibu na weye mpaka nifike. Yeye aliona aandike, juu gazeti inafika mbio. Ile ingine watu walijiongezea."

Akavua viatu. Mtu aliyetoka safari ya mbali, badala ya kuomba maji, akavua viatu na kukaa sakafuni, pembeni ya godoro, akainamisha kichwa. Nikamtazama Léonidas.

"Wewe uliahidi kutaja jina," nikamwambia. "Taja."

"Si mimi wa kukuambia, madame." Macho yake yalikuwa mekundu. Ile nakala ilikuwa bado mkononi mwake, na alikuwa ameikunja hadi ukurasa wa nne hauonekani.

Mireille akanishika kiwiko. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake tangu jana. "Ikaa kwanza, Mama Lyse," akasema.

Nikahesabu watu wangu. Bertrand huyu hapa, amekaa sakafuni. Lyse yule jikoni, anaosha vikombe. Basi godoro hili ni la nani? Nilitaka kuwauliza, na swali likafika kwenye ulimi, ndipo nikamsikia tena kaka yangu akisema mama amelala. Saa saba mchana. Mama yangu, aliyekuwa akitumwagia maji akitukuta tumelala jua likiwaka.

Bertrand akainua kichwa, akaona kwamba nimeshajua kilio ni cha mama. Alisogea kidogo, akaniachia nafasi kwenye godoro, nikakaa.