Silinda ya Pili

...sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, mistari minne na sifuri nne, na mimi nimeikodolea macho skana hii inayohesabu kila silinda inaporuka, kama mtu anayesubiri majibu ya maabara, kanyaga hapo hapo dada, usiongeze, usipunguze, na dada anaitikia haya, mguu wake wa kulia umetulia juu ya pedeli, kiatu cheupe cha kazini, sijawahi kuona kiatu cheupe ndani ya gereji hii, wala yeye mwenyewe sijawahi kumwona humu, miaka kumi na tisa, kila siku gari analeta shemeji na kulifuata shemeji, leo kaja mwenyewe na sare yake ya ukunga, kajifuta miguu mlangoni kana kwamba anaingia wodini, kwenye sakafu hii ambayo imekunywa mafuta machafu mpaka imekuwa nyeusi, akauliza nikae wapi, nikamwambia kaa kwenye usukani, nahitaji mguu wako, na sasa tumekaa, yeye kule mimi huku kiti cha abiria, vioo vimefungwa, boneti limefungwa makusudi ili joto lipande, kwa sababu gari hili likiwa baridi halina neno, linanguruma kama paka aliyeshiba, ukilipatia dakika ishirini za safari na kilima kimoja ndipo linaanza kumisi, silinda moja inaruka zamu yake ya kuwaka, gari linajikunja, linakosa nguvu, na ukilileta kwa fundi limeshapoa, limeshakuwa zuri, linakutazama tu, na fundi anaonekana mjinga, nami sikutaka kuonekana mjinga, si kwake, kwa mteja mwingine yeyote sawa ila si kwake... sifuri, sifuri... anasema kitu kuhusu pazia la chumba cha kuzalia, kwamba limechanika na ameandika barua mbili, naitikia mmh, sikio langu lipo kwenye injini, ngurumo iko sawasawa, feni ya rejeta inawaka, inazima, mara ya kwanza nilibadilisha plagi zote nne, nikampigia simu nikamwambia limepona, mara ya pili nikasafisha nozeli, nikaweka filta mpya, nikamwambia sasa ndiyo limepona kabisa, mara ya tatu pampu ya petroli, pampu nzima, na sauti yangu kwenye simu ilikuwa ya daktari bingwa, nikaeleza habari za presha ya mafuta mpaka mwenyewe nikajiamini, akasema asante mdogo wangu, basi, hakuuliza kitu, angeuliza ningeshukuru, na leo asubuhi nafungua mlango wa nyuma niweke kisanduku changu nakuta kiti hakina kava, kimesuguliwa kwa sabuni mpaka sponji imevimba, nikauliza kulikoni, akajibu kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi tu, mtoto alizaliwa hapo, Jumanne, gari la wagonjwa halikuwepo, nikampakia mimi mwenyewe yule mama mjamzito nimpeleke hospitali kubwa, tulipofika kilimani likaanza mambo yake likazima, nikahamia nyuma, mtoto mzima, kilo tatu na robo, mama naye mzima, na akaanza kutafuta mahali pa kuning'iniza mkoba wake, na mimi nimesimama na kisanduku mkononi, kilima nakijua, hakuna nyumba pale, hakuna kivuli, magari yanapita mbio, na yeye amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma cha gari ambalo mimi, mimi na mdomo wangu, nilisema limepona... kilo tatu na robo, narudia hesabu hiyo kichwani, ingeweza kuwa nyingine, sitaki kuifikiria nyingine, dada anasema mguu umeanza kufa ganzi, namwambia vumilia kidogo, anasema nimeshasimama saa kumi na mbili mfululizo mimi, huu mguu si kitu, na kweli, huyu ndiye aliyesimama madukani kunitafutia kitambaa cha sare ya chuo cha uuguzi, akaishona mwenyewe kwa mkono, pindo dogo dogo, akaenda kuniombea nafasi kwa watu asiopenda kuwaomba, na mimi mwaka wa pili nikaacha, si kwa sababu ya damu kama alivyowaambia watu, jenereta ya chuo iliharibika wiki ya mitihani na nikashuka kumshikia tochi fundi, nikauliza hiki ni nini na kile kinafanya nini, nikapanda juu saa mbili baadaye, mikono myeusi, mtihani umeisha, na nikajua, wala sikuhuzunika, nilifurahi ndiyo aibu yake, na dada alinitazama mikono akanyamaza, akanyamaza karibu mwaka mzima, kisha tukaanza kuongea tena, habari za watoto, habari za mama na magoti yake, kila kitu ila kazi, na wageni wakija kwake wakaniuliza nafanya nini yeye hudakia, mdogo wangu yuko kwenye mambo ya usafiri, mtu mmoja akaniomba nimkatie tikiti ya ndege, nilicheka mpaka nikatoka nje, lakini nje sikuwa nacheka sana... sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, njoo basi, njoo, siku zote nimeomba usije na leo nakuita hutaki, joto limefika, nimewasha kiyoyozi kuibebesha injini mzigo, nimehamisha koili za cheche, ile ya silinda ya pili nimeipeleka ya tatu na ya tatu nimeileta ya pili, kwa sababu asubuhi nilipolizungusha mwenyewe mpaka likachoka, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, skana ilionyesha ni ya pili inayoruka, ya pili peke yake, na dada anauliza sasa hivi tunangoja nini hasa, na jibu la daktari bingwa lilikuwa tayari limeshafika kwenye ulimi, maneno makubwa makubwa, yamejipanga, nikayameza, nikamtazama yule pale pembeni yangu, mvi zimeanza kutoka chini ya kitambaa, nikasema,

"Dada, sijui ni nini. Mara zote tatu nilikuwa nabahatisha."

na injini ikaendelea kunguruma, mguu wake haukutikisika hata kidogo, nilidhani ungetikisika, nilidhani atazima gari achukue mkoba wake, akasema najua, hivyo tu, najua, halafu akaongeza kwamba nilikuwa namwambia limepona haraka mno, mwanafunzi wake wa ukunga akimjibu haraka hivyo anamrudisha kwa mama mjamzito akasikilize tumbo upya, na mimi nikauliza, kama ulijua, kwa nini ulinirudishia gari, shemeji si alitaka kulipeleka kwingine, kwa yule fundi wa barabara kuu mwenye vigae sakafuni, na yeye akatazama mbele kwenye ukuta ambapo nimetundika mikanda ya feni kwa ukubwa wake,

"Nilikuwa nangoja uniambie hujui. Na Jumanne nikaona sasa nije mwenyewe, maana kwenye simu hutasema."

lo, kumbe mwaka mzima huu mmoja anangoja gari na mwingine anangoja mimi... nikamweleza, taratibu, bila kujipamba, kwamba kila silinda ina koili yake, kidude cha urefu wa kidole kinachoipa plagi cheche, na huenda ya silinda ya pili imepata ufa, ikipata joto ufa unafunguka na cheche inapotea, ikipoa unajifunga, ndiyo maana haikamatiki, nimeihamishia ya tatu, na akanikatiza, akanikatiza kabisa, kwa hiyo ugonjwa ukihamia ya tatu tatizo ni hicho kidude, ukibaki ya pili tatizo liko kwenye silinda yenyewe, kuna mafundi wa miaka kumi sijafanikiwa kuwafahamisha hilo, nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo, akasema sasa hii ni kazi yangu, unakaa, unasikiliza, huvuti kitu, na akaniuliza kwa nini mikanda ile nimeipanga hivyo, nikamjibu, na kile kifaa cha buluu ni cha nini, nikamjibu, hajawahi kuniuliza, miaka yote hajawahi, na nilikuwa nimemgeukia namwonyesha kwa kidole pale ukutani gari lilipojikunja, kidogo, kama mtu aliyeshtuka usingizini, nikalisikia mgongoni kupitia kiti, likajikunja tena, nami bado sijaigeukia skana, yeye ndiye aliyeona,

"Tatu," akasema. "Imehamia ya tatu."

moja, tatu, saba, kumi na moja, mstari wa tatu peke yake, ya pili imelala kwenye sifuri yake kama mtoto aliyenyonya, na mimi sikupiga kelele, ni koili, ni kidude cha urefu wa kidole, nitaitoa leo hii, nitaikata katikati niuone huo ufa kwa macho yangu, na kilima kile nitakipanda mimi mwenyewe mara tatu, lina joto lake lote, kabla sijamwambia neno lolote, nikanyoosha mkono nizime, naye akaniwekea kiganja juu ya mkono, kiganja chake kikavu cha kunawa kila saa, juu ya mkono wangu wenye grisi, juu kabisa ya grisi, akasema ngoja, mara moja haitoshi, huenda ni bahati, na injini ilikuwa imeshatulia tena, ngurumo sawasawa, akarudisha mguu palepale, nikafuta hesabu kwenye skana ianze upya, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, tumekaa vilevile, vioo vimefungwa, yeye kule mimi huku, joto la injini limezidi, akauliza na ile jenereta ya chuo, ilikuwa na nini hasa, nikaanza kumweleza tangu mwanzo, nikiomba gari lisiwe na haraka.