Weupe Nilioumwaga

Mwaka 2012 nilikuwa naosha vyombo katika maabara moja ndogo Kamukuzi, mjini Mbarara, Uganda, na nilijiona mjuzi. Mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale hafundishwi mambo ya maji. Ya ziwani tunayatia shabu, tunangoja uchafu utuame, tunachota ya juu.

Swaleha, dada aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, alikata ubongo wa panya vipande vyembamba na kuviweka hai ndani ya maji ya chumvi. Vilielea humo saa baada ya saa, vyeupe, kama vinaota, nami nilivitazama mpaka nikasahau ufagio. Alinieleza kwamba umeme ukifika kwenye ncha ya neva, kalsiamu huingia, na hapo ndipo vifuko hufunguka na kumwaga kemikali inayopeleka habari kwa neva ya pili. Bila kalsiamu, umeme unafika lakini habari haitoki.

Siku moja kabla mashine ya kuazima iliyosoma umeme wa vipande haijarudishwa kwa wenyewe, aliniachia nichanganye maji. Kalsiamu hutiwa mwisho, gesi ikishapulizwa. Mimi nikaitia kwanza, maji yakawa kama maziwa. Nikafanya ya kwetu: nikangoja, nikamwaga weupe, nikampa maji maangavu. Nilijisifu hasa. Ujanja mwingi, mbele kiza.

Kutwa mstari wa kwenye skrini ulilala. Swaleha alisema vipande vimekufa, na miaka yake mitatu imekwenda navyo. Akashika kalamu aandike hivyo. Ndipo nikauona ule weupe umegandia kwenye beseni, nikajua kalsiamu ndiyo niliyoimwaga. Hakuna aliyeniona nikiimwaga. Mshahara ule ndio uliomlisha mama yangu kijijini Misiera, kule kambini.

"Dada, haiyakufa," nikasema. "Ni mie nilimwanga ile kitu ya mweupe. Nilizania ni buchafu."

Hakunigombeza. Alitia kalsiamu upya, tukasimama bega kwa bega, na baada ya dakika kumi mstari ukatikisika, ukainuka. Sijawahi kuona kitu kizuri vile. Swaleha alilia, akaandika mpaka magharibi, kisha akaniambia bila kunitazama, "Eliane, Jumatatu usikuje."

Mama alisema ningenyamaza tu, tungekula. Kazi ile naililia hata leo. Lakini kipande kilikuwa hai, na aliyejua ni mimi peke yangu.