Njia ya Ukutani

Kiharusi kilipompooza mguu, Bi Mwanamize alichukuliwa kutoka kijijini kwake Wambaa akakae mjini Chake kwa kaka yake. Manar, mke wa kaka yake, hakumtaka tangu siku ya kwanza. "Nyumba hii si hospitali," alisema mbele ya majirani.

Bi Mwanamize hakuwa na nia nyingine ila kupona arudi kwake. Kila alfajiri, baada ya kusali ameketi, alishika ukuta wa ua akajikokota. Mwanzo alifika jikoni tu, akarudi akitokwa na jasho. Mvua ikinyesha alikwenda. Akiamka na homa alikwenda pia, japo kidogo, ili mguu usizoee kulala.

"Unanichafulia ukuta wangu!" Manar alimfokea. "Lala, mgonjwa we!"

Asubuhi moja Manar akamwaga maji ya sabuni pale pale anapopita mwenzake. Bi Mwanamize akateleza, akapasuka mdomo. Manar alisimama mlangoni akimtazama, hakumnyanyua.

"Nimekuona, wifi," alisema Bi Mwanamize, akitema damu. Akajiinua mwenyewe, akaendelea mpaka mwisho wa ua.

Baada ya Ramadhani aliweza kutembea bila kushika kitu. Akafunga nguo zake, akavaa baibui, akenda kumuaga kaka yake.

"Ukiondoka, usirudi tena hapa," Manar alidakia.

"Sirudi, hata kwa maziko yako."

Kaka yake aliinamisha kichwa. Bi Mwanamize akatoka barabarani kungoja gari ya Wambaa.