Salamu za Mwalimu Cheruiyot

Saa ile ile baba yangu alipokuwa akishushwa kaburini karibu na Kapsabet, mimi nilikuwa ndani ya kaburi la mtu mwingine. Nilikuwa nimeteremka ngazi za mawe pamoja na watu kumi na wanane wa kanisa letu la Maryland, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi, nikimtazama mfalme mdogo wa Misri aliyelazwa kwenye sanduku la kioo. Walikuwa wamemfunika shuka. Uso na vidole vya miguu tu ndivyo vilivyobaki nje, vyeusi, vimekauka.

"Maskini, alikuwa kijana tu," Shiku alininong'oneza. Shiku ni rafiki yangu, tulikaa chumba kimoja hotelini. "Imagine, miaka kumi na tisa."

Nilitikisa kichwa. Simu yangu ilikuwa mfukoni, nimeizima.

Kabla hatujaingia, mwongozaji wetu alikuwa ametueleza kila kitu kivulini, maana ndani waongozaji hawaruhusiwi kuhutubia. Alituonyesha picha ya mchoro ulio ukutani kule chini: mzee aliyevaa ngozi ya chui ameinua kifaa, anamfungua mfalme aliyekufa kinywa ili aweze kula na kusema huko aendako. Kwa kawaida, alisema, hiyo ilikuwa kazi ya mtoto. Huyu hakuacha mtoto, ikabidi mzee wa ikulu aifanye, na kwa kuifanya akakirithi kiti. "Kwa hiyo aliyekuzika ndiye mtoto wako," alimaliza huku akitugawia tiketi. Wenzangu wakacheka. Mimi nilijifanya natafuta miwani ya jua kwenye mkoba.

Niseme wazi, maana nimechoka kuzungukazunguka. Hakuna aliyenizuia kwenda kumzika baba. Makaratasi yangu yalikuwa sawa. Likizo nilikuwa nayo, wiki mbili, imesainiwa na msimamizi wa nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Rockville. Niliiomba mapema kwa ajili ya Misri. Baba alifariki siku tisa kabla ya safari, na kaka yangu Kipngetich alinipigia simu nikiwa kwenye maegesho ya kazini, sare bado mwilini.

"Tunaweza kukungoja," alisema. "Hata wiki tatu. Mama amesema hatuwezi kumzika bila wewe."

"Msingoje," nikamwambia. "Kazini wamekataa kunipa off. Nimewabembeleza, wamekataa kabisa."

Akaniambia pole, yeye aliyekuwa ametoka mochari asubuhi hiyo ndiye aliyenipa mimi pole, akasema wazungu na kazi zao hawana utu. Nikaitikia. Nikalia pia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, ndiyo maana uongo wenyewe ulikaa vizuri.

Mwezi wa kwanza mwaka ule, baba akiwa tayari hawezi kuinuka, aliniuliza mwenyewe kwa simu nitakuja lini. Nilimwambia kuna jambo moja nimalize, nitakuja baada ya Juni. Jambo lenyewe lilikuwa safari hiyo ya Misri. Sasa kwenda wakati hawezi tena kuuliza, kusimama kando ya jeneza mbele ya watu waliomwogesha na kumlisha, niliona haya hadi mifupani. Kazi yangu ni kuwageuza wazee wa watu kitandani wasipate vidonda. Wa kwangu aligeuzwa na majirani.

Halafu nilikuwa na kisingizio kizuri. Baba, Mwalimu Cheruiyot, alifundisha historia shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Alitufundisha Misri kwa magunzi ya mahindi: alitutuma tuyakusanye kutoka nyumba kwa nyumba, akatupangisha piramidi nyuma ya darasa, na lilipoporomoka akatuamuru tuanze upya, akisema hata watu wa Farao hawakupata mara ya kwanza. Alitamani sana kufika kule. Basi nikajiambia ninakwenda kwa niaba yake, na kwa siku tisa nilijiamini.

Ila kanisani kwetu uongo mmoja usingetosha. Mtu akifiwa, tangazo linaingia kwenye group, na kufikia jioni nyumba imejaa: Wakenya na sufuria za chapati, Wakongo na fufu na nyimbo zao, wiki nzima. Wangejua, wangenifungia mizigo wenyewe na kunipeleka uwanja wa ndege, ndege ya Nairobi. Kwa hiyo sikumwambia mtu. Nilimficha baba yangu aliyekufa. Na kule Giza, tumekaa kwenye jiwe tukila machungwa, Macaire, mzee wa kanisa kutoka Bukavu, aliponiuliza mbona ninajua mambo mengi hivyo, niliwasimulia habari za magunzi. Walicheka sana. "Umsalimie sana Mwalimu," wakasema. Nikasema nitamsalimia. Hiyo ilikuwa Alhamisi, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Video ya mazishi niliitazama bafuni hotelini, maji ya bomba yakimwagika ili Shiku asisikie. Mchungaji aliwaita watoto mmoja mmoja watupe udongo. Lilipotajwa jina langu, sauti ya Mama ikasikika kwa mbali ikisema yuko kazini, anahudumia wagonjwa.

Tangu hapo, kila Jumapili, kuna mtu aliyeniuliza, "Mzee hajambo?" Nami nilijibu hajambo. Ilikuwa rahisi mno, nami nilijichukia kwa urahisi huo.

Agosti iliyopita Mama alikuja kunitembelea Germantown. Jumapili tatu mfululizo nilichukua zamu kwa makusudi ili nisimpeleke kanisani. Ya nne nilimkuta sebuleni saa moja asubuhi, amevaa kitambaa chake cha kichwa, mkoba magotini. Huyu ni mama ambaye aliwahi kusimama katikati ya ibada akakiri kwamba alionja mchuzi siku ya kufunga.

"Umeniacha na televisheni vya kutosha," alisema. "Leo twende tukawaone hao watu wako."

Nilipanga kumwambia kwenye gari. Dakika ishirini zilitosha kabisa. Badala yake nilimwonyesha majengo.

Baada ya ibada Macaire alikuja moja kwa moja, akamshika Mama mikono yote miwili.

"Mama, tunafurahi sana kukuona. Na papa, ulimuacha namna gani? Eko muzima?"

Mama alimtazama bila kuelewa.

"Mwalimu," Macaire akafafanua. "Tunamujua sana. Ule mwaka tulienda Misri, mwezi wa tano, Jerotich alituhadisia vile alimufundisha mapiramidi na magunzi. Tulicheka pale mpaka machozi. Kila siku ya Mungu tunamutumia salamu. Zinamufikiaka?"

"Mwezi wa tano," Mama alirudia.

"Ndiyo, Mama. Tulikuwa pamoja siku zote."

Shiku alikuwa amefika na sahani ya keki, akasimama akitabasamu, akingoja zamu yake ya kusalimia. Mama aligeuka akanitazama. Niliona kila kitu kikimfikia kimoja baada ya kingine: simu ya maegeshoni, wajomba walionilaumu kwa kutokuja, akagombana nao kwa kunitetea, na hawa watu wote waliosimama hapa wakimngojea mume wake aliyelala ardhini mwaka wa pili. Nilitaka aseme. Kwa kweli nilitaka aniumbue pale pale, mbele yao, yaishe.

"Hajambo," Mama alimjibu Macaire, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kanisani. "Zinamfikia zote. Na yeye anawasalimia sana."

Akaipokea sahani, akamshukuru Shiku. Kisha, bila kunitazama, akaniomba nimtafutie mahali pa kukaa.